Jiwe la Mugere na Majina Yasiyoandikwa

Ndugu zetu askari na polisi waliokwisha kusafirishwa kwa lori kutoka Bujumbura kwenda Rumonge wanaujua mwanzo wa safari ile. Mji hubaki nyuma, Ziwa Tanganyika huwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, na kabla watu hawajamaliza kupangana vizuri garini barabara inafika Mugere, kiasi cha kilomita 12 kusini ya Bujumbura. Hapo, upande wa mlima, pana jiwe kubwa ambalo halikujengwa na fundi yeyote. Limekuwapo tangu asili. Juu yake yameandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe: 25-XI-1871. Hiyo XI ni kumi na moja kwa tarakimu za Kirumi, maana yake mwezi wa Novemba.

Walio wengi hulipita. Lori lina mwendo wake, kamanda ana saa yake, na zamu ya Rumonge haimngoji mtu anayetazama mawe. Hatuwalaumu. Hata hivyo tumeona yafaa kulisemea jiwe hilo mbele ya watu wa silaha kabla ya kulisemea mbele ya watu wengine, kwa sababu jambo lililosahauliwa pale linawahusu wao kwanza.

Tuanze kwa kuondoa kosa ambalo husikika mara nyingi, hata vinywani mwa watu waliosoma. Mugere sipo mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone. Walikutana Ujiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Ujiji ina kumbukumbu yake. Jiwe la Mugere ni la habari ya pili, ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko ile ya kupeana mikono. Ni habari ya doria.

Siku sita baada ya kukutana, tarehe 16 Novemba, wale wawili waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kuelekea kaskazini. Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa mti wa mvule, nao waliuazima kwa Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa pale Ujiji. Walifuata ufuko wa mashariki, yaani ufuko huu huu ambao leo una Nyanza-Lac, Rumonge, Minago na Magara. Walikuwa na swali moja tu la kujibu: je, Mto Rusizi unaingia katika ziwa, au unatoka? Kama unatoka na kwenda kaskazini, basi huenda Tanganyika ni mama wa Mto Nili, na Livingstone alikuwa amekwisha kutumia miaka mingi ya maisha yake katika kuutafuta mwanzo wa Nili. Kama unaingia, habari hiyo imekwisha.

Usiku kadhaa baadaye walifika Mugere, kwa mtawala aliyeitwa Mukamba, wakapokewa vizuri. Walilala pale, na tarehe iliyo juu ya jiwe ni ya kufika kwao. Mukamba aliwapa watu pombe bila uchoyo, na Stanley hakusahau kuandika kwamba Susi, mtumishi wa Livingstone, aliinywa hata akapoteza njia, akaenda kujilaza katika kitanda cha bwana wake, naye daktari akamwamsha kwa makofi. Tunaitaja habari hiyo ndogo kwa sababu maalumu. Mwenye kulewa ameandikwa kitabuni kwa jina. Jiwe halimjui.

Kutoka kwa Mukamba walisonga hadi kwa Ruhinga, kaka yake, ambaye makao yake yalikuwa karibu na mdomo wa Rusizi. Ruhinga hakuwa na haja ya darubini. Aliwatajia mito inayoingia Rusizi, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kwamba Rusizi yenyewe inatoka upande wa Ziwa Kivu. Kisha watu wakapiga kasia hadi mdomoni mwa mto, wakaingia, na mkondo ukawasukuma kurudi ziwani. Swali likafa hapo. Mto unaingia.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wageni wengi hulipunguza. Mwaka 1858, miaka 13 kabla ya hapo, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya pili, na wenyeji wakawaambia wazi kwamba Rusizi unaingia ziwani. Hawakuuona mdomo kwa macho yao, kwa hiyo Ulaya ikaendelea kubishana. Watu wa ufuko huu walilijua jibu kwa sababu walivua samaki pale na kuvuka pale. Yaani wale wawili walioandikwa juu ya jiwe walikuja kuhakikisha maneno ya Ruhinga na wenzake. Kuhakikisha ni kazi ya heshima, nasi hatuidharau; kila ofisa anajua kwamba taarifa ya raia inataka kuthibitishwa. Lakini ofisa mwaminifu huandika pia ni nani aliyeileta taarifa.

Mzaha wa historia ni kwamba Livingstone alipita karibu sana na kile alichokitafuta. Mwanzo wa Nili ulio kusini kuliko yote umo katika milima iliyo juu ya ufuko huu huu, huko Rutovu katika nchi ya Bururi, ambako kijito kidogo huanza safari kwenda Ruvyironza, Ruvubu, Kagera na Ziwa Viktoria. Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga pale piramidi ya mawe mwaka 1938. Askari aliyewahi kupanda kutoka Rumonge kwenda Bururi amekwisha kuukaribia, bila shaka kwa kunung'unikia kona za barabara, ule mgongo wa nchi unaogawa maji ya Nili na maji ya Kongo.

Na kwa kuwa tumetaja maji, anayesimama leo penye jiwe asishangae kuliona ziwa liko mbali kidogo chini. Zamani zile lilikuwa juu zaidi kuliko leo kwa mita kadhaa, kwa maana mto wake wa kutokea, Lukuga wa upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani. Ulifunguka kwa nguvu mwaka 1878, na ziwa likateremka. Wakazi wa Gatumba waliohamishwa na mafuriko tangu 2020, na wale wa Rumonge ambao maji yaliwafuata hadi milangoni katika miaka hii, na askari walioitwa kuwabebea vyombo, wanajua kwamba ziwa hili halijawahi kuweka sahihi juu ya mpaka wake.

Turudi kwenye mtumbwi. Wakati wa kurudi walivuka wakafuata ufuko wa magharibi, na huko, penye rasi ya Luvumba, walikutana na hatari kubwa kuliko zote za safari. Wenyeji waliwazunguka kwa hasira. Walikuwa na kisasi, kwa sababu mtu wao alikuwa ameuawa na mfanyabiashara mmoja wa Ujiji, na kwao kila mgeni mwenye bunduki alikuwa wa kundi lile lile. Watu wa mtumbwini wakashika bunduki. Stanley naye alikuwa tayari. Hapo Livingstone, mzee aliyedhoofika kwa maradhi, alipandisha mkono wa nguo yake, akaionyesha ngozi ya mkono wake, akawauliza kama mtu wa rangi hiyo amewahi kuwadhuru. Maneno yakachukua nafasi ya risasi. Mambo yakatulia kwa zawadi ndogo, na mtumbwi ukaondoka pasipo mtu kufa.

Ndugu polisi anayesoma habari hii ameshasimama mbele ya kundi lenye hasira, huenda si mara moja. Anajua ni pumzi ngapi zinazopita kati ya mkono kugusa bunduki na bunduki kulia. Anajua pia kwamba wale waliokuwa na bunduki mikononi siku ile, wakangoja, walikuwa na sehemu yao katika amani ile. Mzee angeweza kuonyesha mikono yote miwili, na mtu mmoja tu akifyatua, mazungumzo yamekwisha. Ni nani walioizuia mikono yao? Ni wale waungwana wa pwani na wapiga kasia ambao jiwe halina habari nao.

Linganisheni na mwaka 1875. Stanley alirudi, safari hii bila Livingstone wala mtu wa kumshika mkono. Katika kisiwa cha Bumbire, Ziwa Viktoria, wenyeji walikuwa wamemfanyia uadui. Akaja tena na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukoni, na wengi wakafa. Baadaye akawa wakala wa Mfalme Leopold wa Pili katika Kongo, na watu wa Kongo wanajua yaliyofuata. Hata mwaka 1871, njiani kutoka Bagamoyo, aliwachapa watu wake viboko na kuwafunga minyororo waliotoroka, na yote hayo aliyaandika mwenyewe bila haya. Hatuyasemi haya ili jiwe livunjwe. Tunayasema ili anayesoma jina hilo alisome lote.

Sasa tufike kwa wale tunaowakusudia. Neno "askari" halikuja ufukoni hapa pamoja na serikali za kikoloni. Lilitumika katika misafara ya pwani kabla ya Wajerumani na Wabelgiji, likimaanisha mtu aliyeajiriwa kushika bunduki na kulinda mizigo na watu. Katika msafara wa Stanley mkuu wa askari hao alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyaoni, akakamatwa utumwani akingali mtoto, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa huru, akawa askari wa Sultani. Burton na Speke walimkuta mwaka 1857 katika kambi ya Chogwe, karibu na Pangani. Mwaka 1858 alikwisha kuliona Ziwa Tanganyika, miaka 13 kabla ya Stanley kuliona. Baadaye, kuanzia 1873, alilivuka bara zima pamoja na Mwingereza Cameron mpaka bahari ya magharibi. Alifariki 1885. Mtu aliyetembea hivyo angekuwa Mzungu, shule ngapi zingeitwa kwa jina lake?

Susi, yule wa pombe ya Mukamba, tusimwache katika kitanda cha watu. Alikuwa mtu wa Shupanga, kwenye Mto Zambezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliuzika moyo wa mzee pale, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipita kati ya njaa, maradhi na vijiji vilivyoogopa maiti. Hakuna amri iliyowalazimisha, wala ofisa wa kuwasimamia, wala ahadi ya malipo. Katika majeshi yote tunayoyafahamu, kumrudisha aliyeanguka ni jambo la kuvuliwa kofia.

Na katika mtumbwi wa Mugere walikuwamo pia Selim, kijana Mwarabu Mkristo kutoka Yerusalemu, aliyefanya kazi ya mkalimani, na Ferajji, mpishi. Wengine walishika makasia. Kwa vinywa vyao, na vya wengine wengi waliowatangulia na kuwafuata, Kiswahili kilishuka katika ufuko huu kikakaa: Rumonge, Nyanza-Lac, Buyenzi. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo mpaka leo huwa na lugha waliyoiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana wa misafara. Ukurasa huu unaousoma, ndugu, uliletwa kwa kasia.

Hatutaki kupaka asali mambo yote. Misafara ya pwani ilileta Kiswahili, ikaleta nguo na chumvi, ikaleta pia biashara ya watumwa, na hicho kisasi cha Luvumba hakikuota chenyewe. Miaka 10 baada ya Mugere, tarehe 4 Mei 1881, wamisionari watatu wa shirika la Mapadre Weupe waliuawa hapo hapo Rumonge katika ugomvi na wenyeji: mapadre Deniaud na Augier, na msaidizi wao mlei D'Hoop. Ufuko uliompokea mgeni kwa pombe mwaka mmoja ulimpokea mwingine kwa mkuki mwaka mwingine. Askari wa leo anayekaa katika kambi ya Rumonge, kati ya michikichi na mitumbwi ya ndagala, anakaa juu ya ardhi yenye kumbukumbu za namna zote mbili.

Ndiyo maana tunauliza habari ya majina. Fikirini daftari la zamu penye kizuizi cha barabarani. Gari limepita likiwa na mabwana wawili, dereva, mkalimani, mpishi, na watu wengine nyuma. Mlinzi akaandika: "Wamepita wawili." Asubuhi mkuu wa kituo akilisoma daftari hilo, mlinzi huyo atajibu nini? Basi jiwe la Mugere ni daftari la zamu lililoandikwa hivyo, na limesomwa na wakubwa wengi bila mtu kuitwa kujieleza.

Jambo hili si la Burundi peke yake. Nairobi na Dar es Salaam zina sanamu za askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Ya Dar es Salaam ilizinduliwa 1927, na ya Nairobi inamwonyesha hata mpagazi kando ya wenye bunduki. Ni kazi nzuri. Lakini ni nyuso zisizo na majina. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa, na kilichobaki Dar es Salaam ni jina la soko na mtaa, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mnunuzi wa nyanya hulitaja kila siku bila kujua kwamba anataja jeshi.

Wapo watakaosema, na tumewasikia, kwamba majina yale mawili yafutwe kwa sababu ni ya wageni, na mmoja wao alikuwa na damu mikononi. Hatukubaliani nao. Aliyefuta ameharibu ushahidi, na polisi hatuhitaji kumfundisha neno hilo. Tena, akishafuta mmoja kwa sababu nzuri, wa pili atakwangua jina la mchumba wake kwa sababu yake. Jiwe libaki kama lilivyo, wala asiliguse mtu kwa rangi, patasi au ncha ya ufunguo.

Wapo pia watakaosema kwamba wakati huu ambapo ziwa linakula barabara na watu wanahitaji nyumba, mawe yangoje. Hoja hiyo ina uzito, na kama ingekuwa ni kuchagua kati ya kibao na nyumba ya mjane wa Rumonge, sisi tungechagua nyumba bila kufungua kikao. Lakini kibao kimoja hakijengi wala hakibomoi bajeti ya nchi. Ukuta mmoja wa kambi hupakwa chokaa kwa gharama kubwa kuliko hiyo kila anapotarajiwa mgeni.

Tunachokiomba kwa wenye mamlaka ya utamaduni na utalii ni kidogo. Kiwekwe kibao kando ya jiwe, kisipigiliwe juu yake, kiandikwe kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kimtaje Mukamba aliyewapokea, na Ruhinga aliyelijua jibu la Rusizi kabla ya kuulizwa. Kimtaje Susi, na Selim, na Ferajji. Kisha uwepo mstari wa wapiga kasia na walinzi wa mtumbwi. Palipo na jina la kuaminika liandikwe, na pasipo na jina iandikwe kazi waliyoifanya, kwa kuwa kazi inajulikana: siku 28 kutoka Ujiji na kurudi, zaidi ya kilomita 480 za maji, kwa mikono.

Na kwa makamanda wa vikosi na vituo vilivyo kati ya Bujumbura na Rumonge tuna ombi letu wenyewe, lisilohitaji wizara. Kila mwaka tarehe 25 Novemba wawateremshe vijana wapya kwenye lori pale Mugere kwa nusu saa. Walitazame jiwe, waambiwe habari ya Luvumba, na aliyekuwa amelewa usiku uliopita aambiwe habari ya Susi, zote mbili. Na kuruti akiuliza kwa nini jina la mpishi linadaiwa mahali alipoandikwa daktari, kamanda amwambie ajaribu kwanza kufanya doria ya siku 28 ziwani bila mpishi.